Je, wajua kwa nini Antony anamshinda Brutus mbele ya umati uleule?

Katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1599 na ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, Caesar, mtawala wa Roma, anauawa na marafiki zake, Brutus akiwa mmoja wao, kabla mchezo haujafika nusu. Kwa mwanafunzi, swali kubwa zaidi linakuja baada ya mauaji hayo: inakuwaje raia waliomshangilia muuaji wamgeuke muda mfupi tu baadaye na kuondoka wakiwa na mienge ya kuichoma nyumba yake?

Kosa la kwanza ni la Brutus mwenyewe. Cassius, mwenzake katika njama, anataka Antony, rafiki mwaminifu wa Caesar, auawe pamoja na Caesar, naye Brutus anakataa. Kisha Cassius anaonya kwamba Antony asiruhusiwe kuhutubia mazishini, na Brutus anakataa tena, akiamini kwamba hoja zake zitatangulia na kuziba kila pengo. Anaweka masharti: Antony azungumze baada yake, asiwalaumu wauaji, na aseme kwamba amepewa ruhusa nao. Akishamaliza kuhutubia, Brutus anaondoka zake na kuwasihi watu wabaki wamsikilize Antony, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalomwangamiza.

Hotuba ya Brutus ni ya nathari, yenye mizani na mantiki: alimpenda Caesar, lakini aliipenda Roma zaidi. Watu wanashangilia, na mmoja anapaza sauti akitaka Brutus awe Caesar mpya. Msomaji asiupite mstari huo haraka, kwa maana unaonyesha kwamba hoja ya jamhuri haikueleweka kabisa. Brutus ameua ili pasiwe na mfalme, na wasikilizaji wake wanamtafuta mfalme mwingine.

Antony anazungumza kwa ushairi na hakuna sharti analolivunja waziwazi. Anarudia mara kwa mara kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima, na kila marudio yanafuata ushahidi unaoipinga sifa hiyo: Caesar aliijaza hazina ya Roma kwa fidia za mateka, aliwalilia maskini, na alikataa taji mara tatu. Hasemi kwamba, kwa mujibu wa Casca, mmoja wa wala njama, katika Sehemu ya Kwanza, kila mara Caesar alilikataa kwa kusitasita zaidi.

Baada ya maneno yanakuja mambo ya kuonekana kwa macho. Anautaja wosia wa Caesar, kisha anakataa kuusoma mpaka watu wenyewe wamlazimishe. Anashuka jukwaani, anawapanga kuzunguka maiti, na kuonyesha matundu katika joho: hapa lilipita jambia la Cassius, hapa la Casca, hapa la Brutus. Hapa mwanafunzi makini arudi nyuma kidogo. Wakati wa mauaji Antony hakuwepo, kwa sababu Trebonius, mwingine wa wala njama, alikuwa amemvuta kando kwa makusudi. Hawezi kujua jambia gani lilitoboa wapi. Anayatunga yote, na hakuna anayemuuliza, kwa sababu damu wanayoiona ni ya kweli. Ndipo anapousoma wosia, unaomwachia kila raia drakma 75 (sarafu za kale) pamoja na bustani za Caesar kwa matumizi ya wote.

Kwa hiyo Brutus anashindwa kwa sababu aliwapa watu hitimisho na kuwataka walikubali, ilhali Antony aliwaacha walifikie wenyewe, wakiwa wamesimama karibu na maiti. Hasira yao haichagui: katika onyesho linalofuata wanamuua mshairi Cinna kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wala njama.

Usomaji usiishie hapo, maana mwanzoni mwa Sehemu ya Nne Antony, akiwa sasa mmoja wa watawala watatu, anamtuma Lepidus akaulete wosia ule ili watafute namna ya kupunguza baadhi ya urithi walioahidiwa raia.