Mathari haikuanza kama jela

Hapa Mombasa, mtu akionekana akisema peke yake utasikia, "Mpelekeni Mathari," kana kwamba Kenya nzima ina hospitali moja tu ya akili, nayo ilijengwa iwe gereza. Si hivyo.

Hospitali ya Mathari iliyoko Nairobi ilianzia kwenye kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ikakigeuza kuwa makao ya wagonjwa wa akili. Jina la Mathari likaja 1924. Aibu yake kubwa, kwangu mimi, ni kwamba ilipangwa kwa rangi: Wazungu wadi zao, Wahindi zao, Waafrika zao. Kuanzia 1938 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari ambaye alipoanza hakuwa amesomea magonjwa ya akili, lakini akaja kuandika kwa kujiamini kuhusu "akili ya Mwafrika".

Sura ya jela inatokana zaidi na kitengo chenye ulinzi mkali, cha wagonjwa wanaopelekwa na mahakama. Wengine ni wagonjwa wa kawaida, na wengi hutibiwa wakarudi kwao.

Na sisi wa Pwani hatulazimiki kupanda treni: hospitali ya Port Reitz, kule Changamwe, ina huduma hizo.