Kwa Nini Kompyuta ya Zamani Huchelewa Kuwaka? Si Kwa Sababu Imejaa

Unabonyeza kitufe, feni inavuma, nembo inatokea, kiduara kinaanza kuzunguka. Unaondoka, unarudi, bado kinazunguka. Hatimaye eneokazi linajitokeza na vijipicha vyake vyote, unabofya kivinjari, na kwa dakika mbili zaidi hakuna kinachofunguka. Kompyuta hiyohiyo ilipokuwa mpya ilikuwa tayari kabla hujakaa sawasawa kwenye kiti. Imepatwa na nini?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: imejaa. Picha, video, muziki na hati za tangu zamani zimeilemea, kama mtu aliyebebeshwa gunia juu ya gunia. Niliamini hivyo kiasi cha kushinda siku nzima nikifuta na kuhamisha, zaidi ya gigabaiti 100 zikaenda kwenye diski ya nje. Jioni nikaizima, nikaiwasha, nikashika saa. Kabla ya kufuta ilichukua dakika nne na ushei mpaka kivinjari kifunguke. Baada ya kufuta ilichukua dakika nne na ushei.

Nimekutana na watu wengi wenye dhana hii, na wengine wamepoteza picha za familia kwa ajili yake, kwa hiyo acha niifumue taratibu. Kompyuta inapowaka haisomi picha zako. Picha ni data iliyolala. Hakuna anayeiamsha mpaka wewe uifungue. Kinachosomwa wakati wa kuwaka ni mfumo endeshi wenyewe, kama vile Windows, viendeshi vya vifaa kama kadi ya sauti na ya mtandao, fonti, mipangilio, na programu zilizojiandikisha zianze pamoja na mashine. Uwe na video 10,000 au usiwe na hata moja, orodha hiyo ni ileile. Ghala kujaa hakuufanyi mlango wake uwe mzito.

Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, nayo isifichwe. Diski ikibakiwa na nafasi finyu kabisa, mfumo hukosa pa kuweka faili za muda na masasisho, na faili mpya hukatwa vipande ili zijazie mianya iliyobaki huku na kule. Hapo kufuta husaidia. Lakini diski yenye nafasi ya kutosha haiwahishi kuwaka eti kwa sababu umefuta albamu.

Dhana ya pili inasema prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, imechoka. Prosesa haichakai kama kisu. Mapigo yake huongozwa na fuwele ya kwatzi, na ile iliyotoka kiwandani ikipiga mara bilioni 2.4 kwa sekunde itapiga hivyohivyo baada ya miaka kumi. Silikoni huzeeka, ni kweli, ila matokeo ya uzee huo ni makosa ya hesabu au kufa kabisa, si kutembea polepole. Kinachoweza kuipunguza mwendo ni joto: vumbi likiziba feni, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Basi pangusa vumbi. Virusi nao hulaumiwa kila mara, na pengine kwa haki, lakini kompyuta safi kabisa ya umri ule inaweza kuchukua dakika nne zilezile.

Sasa mchelewaji ni nani? Kwenye Windows, mara eneokazi linapotokea, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Nilipolitazama kwa mara ya kwanza nikiwa makini, prosesa ilikuwa asilimia 7. RAM, kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zinazoendelea, ilikuwa nusu. Diski ilikuwa asilimia 100, rangi imekolea. Kilichonishangaza kilikuwa pembeni: diski hiyo iliyozidiwa na kazi ilikuwa inasoma megabaiti 1.4 kwa sekunde. Diski ileile, ukinakili filamu, husoma megabaiti 100 kwa sekunde bila taabu. Inawezekanaje kitu kifanye kazi kwa uwezo wake wote na kitoe kiasi kidogo namna ile?

Ndani ya diski ya aina ya zamani mna sahani zinazozunguka na mkono unaokwenda na kurudi juu yake, wenye kichwa kidogo cha kusomea. IBM walitoa ya kwanza mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja na kipenyo cha sentimita 61, na yote kwa jumla ilibeba herufi milioni 5. Leo inaingia mfukoni na kubeba mamilioni ya mamilioni, lakini sahani bado zinazunguka na mkono bado unatembea.

Chukua kamusi. Soma kurasa kumi mfululizo: macho yanateleza mstari hadi mstari, na baada ya muda umesoma maelfu ya maneno. Sasa nikutajie maneno kumi: ziwa, bandari, ukoka, tetesi, ghaidhi, na kadhalika. Kila neno linakutaka ufungue kwingine, upitilize, urudi nyuma, ushuke safu hadi ulikute. Nikikutajia “walimpelekea”, inabidi kwanza ulivue viambishi ujue kwamba liko chini ya “peleka”. Mikono haijapumzika hata mara moja. Anayekutazama atasema una kazi asilimia 100. Anayehesabu maneno uliyosoma atakuta ni machache mno. Wote wawili wanasema kweli.

Na kamusi hii ina ugumu wa ziada: imewekwa juu ya meza inayozunguka. Ukishafika kwenye ukurasa unaoutaka, mstari wenyewe huenda umeshapita, nawe unangoja meza izunguke uuone tena. Kwenye diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani unangoja nusu yake, zaidi kidogo ya 4. Ongeza safari ya mkono, kama milisekunde 9. Jumla ni 13 kabla ya herufi ya kwanza kusomwa. Diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400, na ngoja yao ni ndefu zaidi.

Milisekunde 13 zaonekana si kitu. Lakini gawanya sekunde moja kwa hizo, unapata safari kama 75. Kila safari ikileta kipande cha kilobaiti 4, ukubwa wa kawaida wa vipande vidogo, diski yako imeleta kilobaiti 300 kwa sekunde nzima ya jasho. Ile 1.4 niliyoiona ilikuwa ya juu kwa sababu baadhi ya vipande vilikuwa vikubwa au vimekaa jirani. Sasa chukulia kuwaka kunadai vipande 18,000 vilivyotawanyika: kwa safari 75 kila sekunde ni sekunde 240. Dakika nne.

Kuna hesabu nyingine ninayoipenda zaidi. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga pigo moja kwa theluthi ya nanosekunde. Tukilinyoosha pigo hilo liwe sekunde moja ya binadamu, safari moja ya mkono wa diski inakuwa siku 450 hivi. Prosesa inaomba faili, kisha inakaa mwaka mmoja na miezi karibu mitatu ikingoja. Inaletewa kipande kimoja, inakimaliza upesi, inaomba kingine, inakaa tena mwaka na miezi mitatu. Ndiyo maana ilikuwa asilimia 7.

Utauliza: mbona ilipokuwa mpya iliwaka upesi, na mkono ni uleule? Ndilo swali lililonivusha. Mwendo wa mkono haukubadilika; kilichobadilika ni idadi ya maneno unayotumwa kutafuta. Tangu siku ya kwanza umeweka programu ya printa, ya simu, ya mikutano ya video, ya kuhifadhi faili mtandaoni, na karibu kila moja imejiandikisha ianze mashine inapowaka. Masasisho yameongeza faili na kuzipanga palipokuwa na mwanya. Pengine mfumo endeshi wenyewe umebadilishwa kwa mpya zaidi, uliotungwa na watu waliodhania diski ya haraka. Na wote hawa huanza kwa pamoja. Ni sawa na watu ishirini wanaokupigia kelele, kila mmoja na neno lake, nawe una kamusi moja: mwenye neno la herufi A anakuvuta, mwenye Z anakuvuta, na muda unaishia njiani. Sogeza sikio karibu na kasha utausikia mkono huo, krrr-krrr fupifupi zisizokoma. Ukinakili filamu diski hiyohiyo hunyamaza kabisa.

Kwa hiyo unapochunguza, anza na mahali ucheleweshaji unapotokea. Ukiwa kabla ya nembo ya mfumo, diski yenye mfumo haijaguswa bado kwa maana yoyote. Huenda mashine inatafuta pa kuanzia kwenye fleshi au mtandao kwanza, au betri ndogo ya ubao mama, ile ya duara ya CR2032, imekwisha na mipangilio inapotea kila ukichomoa umeme. Saa inayorudi nyuma miaka ni dalili yake nzuri. Ukiwa baada ya nembo, rudi kwenye Task Manager, sehemu ya Startup, uzime kujianzisha kwa programu usizozihitaji asubuhi. Hazifutiki, zinangoja uzifungue mwenyewe. Programu ya kuzuia virusi iache. Zile zinazojitangaza kuwa za kusafisha na kuharakisha kompyuta uziangalie kwa makini, maana nyingi zao nazo zimo kwenye orodha ileile, zikiutuma mkono uleule.

RAM haba nayo huishia kwenye mkono huo. Nafasi ikiisha, mfumo huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha inapohitajika, na kila kwenda na kurudi ni safari. Ukiona RAM iko asilimia 95 wakati wa kuwaka, kuiongeza kunasaidia kweli.

Dawa inayogusa kiini ni kuutoa mkono. Diski ya SSD haina sahani wala kichwa. Hufikia kipande popote kilipo kwa kama milisekunde 0.1. Kwa ile hesabu ya siku 450, hizi ni siku tatu na nusu. Kompyuta nyingi za nyumbani zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 2000 zina viunganishi vya SATA vinavyoipokea; za kabla ya hapo, zenye utepe mpana wa waya, zinahitaji kigeuzi na faida yake hupungua. Tusizidishe sifa: SSD haifanyi hesabu. Ukurasa mzito wa intaneti na video ya ubora wa juu vitaendelea kuielemea prosesa ya zamani kama jana.

Jambo moja lisingoje. Ikiwa ucheleweshaji umeanza ghafla, ndani ya siku chache, na badala ya krrr-krrr unasikia tiki, kimya, tiki, huenda diski inashindwa kusoma baadhi ya sekta, yaani vijisehemu vya sahani, na inarudia mara nyingi palepale. Usiipange upya, usiipime kwa saa nzima. Nakili kwanza picha na hati zako, kisha mengine.

Watengenezaji wa Windows waliujua udhaifu huu mapema. Windows XP, mwaka 2001, ilianza kutazama ni vipande vipi husomwa kila mashine inapowaka, ikavipanga vifuatane. Windows 8, mwaka 2012, ikaja na mbinu ya ujasiri zaidi: ukichagua Shut down, kiini cha mfumo huandikwa kwenye diski kama donge moja, na ukiwasha donge hilo husomwa kwa mkupuo. Ni kurasa kumi mfululizo badala ya maneno kumi.

Matokeo yake ni kwamba kuzima si kuzima tena. Hitilafu ndogo iliyokwama kwenye kiini hulala nawe usiku na kuamka nawe asubuhi. Kinachoanza upya kabisa ni Restart, ndiyo maana kwenye diski ya mkono huchukua muda mrefu zaidi. Ndani ya Task Manager, kwenye sehemu ya prosesa, pana mstari unaohesabu mashine imekaa macho kwa muda gani. Kwenye ile kompyuta yangu, niliyokuwa nikiizima kila usiku kabla ya kulala, mstari huo ulisoma siku 11. Nikabofya Restart, nikasogeza sikio kwenye kasha, na mkono ukakuruza dakika nzima zaidi ya kawaida yake kabla haujatulia.