Bonde lile halikuwa Wales
Wengi waliotazama How Green Was My Valley, filamu ya mwaka 1941 kuhusu bonde la wachimbaji wa makaa ya mawe huko Wales, huamini kwamba wameiona Wales: nyumba zilizopangana mteremkoni, moshi wa mgodi, wanaume wakirudi kazini huku wakiimba. Sivyo. Kijiji kile kilijengwa milimani karibu na Malibu, California. Studio ilikusudia kwenda kupiga picha Wales kwenyewe, tena kwa rangi, lakini Vita Kuu ya Pili ikazuia. Mwongozaji, John Ford, alikuwa Mmarekani, na waigizaji wengi hawakuwa watu wa Wales. Filamu ni nzuri, na tuzo zake 5 za Oscar ilistahili. Ila si ushahidi wa maisha ya kule.

Anayetaka kulikaribia bonde lenyewe aanze na The Proud Valley ya 1940, ambayo sehemu yake ilipigwa kusini mwa Wales. Paul Robeson, Mmarekani mweusi, anaigiza baharia asiye na kazi anayepokewa na wachimbaji kwa sababu ya sauti yake. Mmoja anapomkataa kwa rangi ya ngozi, mwenzake anamuuliza: kule chini shimoni, sote si weusi? Mgodi ukifungwa, wanaume wanakwenda London kudai haki yao ya kufanya kazi.

Urafiki huo haukuishia kwenye filamu. Mwaka 1957, Marekani ikiwa imemnyima Robeson pasipoti, aliwaimbia wachimbaji waliokusanyika Porthcawl, huko Wales, kwa njia ya simu kutoka New York, nao wakamwimbia.