Kujitolea kabla ya kutolewa: saa za huduma za debutanti ni nini?

Binti ana miaka 18. Gauni jeupe limefika sakafuni, glavu nyeupe zimepita viwiko, na mkono wake ameupitisha katika mkono wa baba yake. Jina lake linasomwa kwenye kipaza sauti, anapiga hatua chache, anakunja goti, anainuka, ukumbi unampigia makofi. Wengi tumeiona picha hiyo kwenye filamu za Kimarekani na tukaishia kusema hayo ni mambo ya matajiri. Ni kweli, ni ya matajiri. Lakini katika miji mingi ya Marekani gauni na kadi ya mwaliko havitoshi kumfikisha binti pale mbele. Anatakiwa awe na karatasi ya saa: Jumamosi ngapi amepanga makopo kwenye ghala la misaada ya chakula, jioni ngapi amewasomea watoto vitabu, nani alikuwepo akamwona, nani ametia saini. Saa zisipotimia, hatolewi.

Nimetumia neno "kutolewa" makusudi. Debutanti ni neno la Kifaransa, maana yake msichana anayeanza, yaani anayeingia kwa mara ya kwanza katika jamii ya wakubwa. Waingereza nao husema binti "anatoka". Msomaji wa Pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo. Mwali anawekwa ndani, anafundwa na kungwi, na siku yake ikifika anatolewa kwa ngoma, amepambwa, watu wamtazame. Debutanti wa zamani alikuwa mwali wa namna hiyo hiyo. Alifundwa kucheza, kukaa mezani na kusalimia, kisha akatolewa ili familia zenye vijana wa kiume zijue kwamba nyumba ile ina binti aliyefikia umri wa kuolewa. Kilichobadilika ni mafunzo. Mwali wetu hufungiwa ndani asionane na watu, ilhali debutanti wa hafla ya hisani husukumwa nje, tena kwa watu ambao katika maisha yake ya kawaida asingekutana nao.

Hilo halikuanza pamoja na dansi yenyewe. Mwaka 1780 Mfalme George III wa Uingereza alimfanyia mkewe, Malkia Charlotte, dansi ya siku ya kuzaliwa. Baadaye hafla yenye jina la malkia huyo ikawa ya kuchangia hospitali ya uzazi ya London iliyobeba jina lilelile. Mabinti walikuwa wakiikunjia goti keki. Ndiyo, keki, kubwa kuliko wao. Na hata Malkia Elizabeth II alipoacha kuwapokea debutanti katika kasri yake mwaka 1958, keki iliendelea kuheshimiwa kwa miaka kadhaa. Huko London hisani ilikuwa ya mfukoni: baba ananunua tiketi, hospitali inapata fedha, binti anacheza. Hakuna aliyemwuliza binti amefanya nini.

Swali hilo liliulizwa New York mwaka 1901, na aliyeuliza alikuwa binti mwenyewe. Mary Harriman alikuwa na miaka 19, baba yake akiwa mmoja wa wakubwa wa reli Marekani, na mwaka huo alikuwa miongoni mwa waliotolewa. Upande wa pili wa jiji lake, mitaa ya Lower East Side, familia za wahamiaji kutoka Ulaya zilikuwa zimebanana katika vyumba visivyo na hewa wala mwanga. Huko kulikuwa na nyumba za huduma, ambamo wasomi walihamia wakaishi katikati ya maskini na kuendesha madarasa, shule za chekechea na zahanati. Harriman aliwakusanya debutanti wenzake wapatao 80 kuzisaidia nyumba hizo. Walianza na maonyesho ya kuchangisha fedha, kisha wengine wakaenda wenyewe. Kundi hilo ndilo Junior League, ambalo bado lipo.

Miaka miwili baadaye akajiunga binti mwingine aliyekuwa ametolewa mwaka 1902 na kuchukia kila dakika ya usiku ule kwa aibu: Eleanor Roosevelt, ambaye baba yake mkubwa alikuwa Rais Theodore Roosevelt. Alipangiwa nyumba ya huduma ya mtaa wa Rivington, akifundisha watoto wa wahamiaji mazoezi ya viungo na kucheza. Wenzake walikwenda kwa magari ya farasi ya nyumbani, yeye akapanda usafiri wa umma na kumalizia kwa miguu, akiogopa giza na walevi wa njiani lakini akienda. Siku moja mchumba wake, Franklin, alimfuata huko. Mtoto mmoja akawa mgonjwa, wakampeleka kwao, wakapanda ngazi za jengo lile. Kijana alitoka ameduwaa. Hakuwa amejua kwamba kuna watu wanaishi hivyo, ndani ya jiji analolijua. Mwaka 1933 akawa rais. Sidai kwamba sera zake zote zilitokana na ngazi zile, ila mtu akiniuliza saa za huduma zinakusudiwa kufanya nini kwa binti wa tajiri, kisa hicho ndicho ninachomsimulia.

Kutoka hiari ya Harriman hadi sharti la leo kuna hatua moja kubwa, nayo ni hesabu. Mwaka 1925 akina mama wa Los Angeles walianzisha kundi ambalo sasa linaitwa National Charity League, wakishona nguo za watoto wachanga na kuandaa vikapu vya chakula kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Baadaye mabinti zao wakaingizwa, na hadi leo mama na binti hujiunga pamoja. Mabinti huitwa Ticktockers, jina linalosikika kama mlio wa saa ya ukutani, na sijui kama lingeweza kuwafaa zaidi. Wanaingia wakiwa darasa la saba na kumaliza la kumi na mbili. Ule usiku wa gauni jeupe, kwenye matawi yanayoufanya, unakuja mwishoni, baada ya miaka sita. Mama naye ana saa zake, kwa hiyo akizembea, aibu ni ya nyumba nzima.

Idadi ya saa hutofautiana kwa kila kundi na kila tawi, lakini utaratibu unafanana. Kwanza, kazi ifanyike kwenye shirika lililoidhinishwa na kamati. Kumwangalia bibi yako mgonjwa hakuhesabiwi, wala kumsaidia jirani kuhama, hata kama umebeba kabati hadi ghorofa ya nne. (Hapa mtu wa kwetu lazima acheke kidogo: kazi ambayo sisi tungeiita utu, kwao haina pa kuandikwa.) Pili, kazi isiwe na malipo. Tatu, msimamizi wa pale athibitishe, zamani kwa saini, siku hizi mara nyingi kwenye programu ya simu. Nne, kuna tarehe ya mwisho. Mazoezi ya dansi, mafunzo ya adabu za mezani na vikao huwa na mahudhurio yake, na aghalabu havichanganywi na saa za huduma.

Kwa Wamarekani weusi, waliokuwa hawaalikwi kwenye kumbi za weupe, shughuli hii ilichukua sura yake. Matawi ya Alpha Kappa Alpha, umoja wa wanawake wasomi ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, huandaa hafla za debutanti ambamo fedha huenda kwenye ufadhili wa masomo, na binti hupitia miezi ya semina na huduma kabla ya usiku wenyewe. Pale hakuna mchumba anayetafutwa. Ukumbi unaambiwa: huyu ni mtoto wetu, anakwenda chuo.

Sasa lile swali gumu: kujitolea kwenye sharti ni kujitolea kweli? Watanzania tuna msamiati mzuri kwa jambo hili. Katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kuna vijana wa mujibu wa sheria na vijana wa kujitolea, na hakuna anayewachanganya. Debutanti yuko katikati. Hakuna sheria iliyomtaka aombe kutolewa, lakini akishaomba, saa si hiari tena. Anafanana zaidi na mwanafunzi wa Maryland, jimbo ambalo shule za serikali hazimpi mtu cheti cha sekondari bila saa 75 za huduma au programu ya wilaya iliyoidhinishwa badala yake. Wazazi wa Afrika Mashariki wanaoishi huko wanazijua fomu hizo vizuri, hasa mtoto anapozikumbuka wiki ya mwisho.

Lawama nyingine ni nzito kuliko hiyo. Saa ni za bure kwa maskini na kwa tajiri, lakini muda si wa bure. Binti anayeuza dukani kila Jumamosi kusaidia kodi ya nyumba hana Jumamosi ya kupanga makopo. Hivyo sharti linaloonekana kupima moyo huishia kupima pia nani ana mama mwenye gari na nafasi ya kumpeleka. Makundi mengine huingiza kwa mwaliko tu, na hapo saa hata mia haziwezi kumfungulia mlango asiyealikwa.

Kwa Kiswahili ningemwita mwali wa hisani. Na mtu akikuonyesha picha ya binti wa jamaa zenu huko Marekani kavaa gauni jeupe lisilo la harusi, usiulize bwana harusi yuko wapi. Muulize alipangiwa wapi Jumamosi. Atakuwa na mengi ya kusema.