Port Augusta si pampu ya mafuta

Mteja mwingine amenirudishia ratiba akiwa amefuta usiku wa Port Augusta, mji wa Australia Kusini. Pembeni kaandika: "Hapa tujaze mafuta tu, twende zetu." Kazi yangu ni kupanga safari za gari kutoka Adelaide kuingia Outback, yaani nyika kame ya ndani ya Australia, na maneno hayo nimeyachoka.

Kwanza barabara. Adelaide hadi Port Augusta ni kama kilomita 310. Ukitoka saa mbili asubuhi, saa sita mchana umefika. Kutoka hapo barabara ya Stuart inapanda kaskazini, na mji wa Coober Pedy uko kilomita 540 mbele. Mwendo wa juu ni 110 kwa saa, na mwezi Juni jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Lazima pia usimame kijiji cha Glendambo, katikati ya njia, kujaza tangi, maana ukishapita hapo hakuna pampu kwa takriban kilomita 250. Piga hesabu mwenyewe: giza litakukuta njiani, wakati uleule kangaruu wanapotoka kula kando ya lami. Mikataba mingi ya magari ya kukodi inakataza kuendesha usiku huko.

Kisha hilo wanaloniambia wateja, kwamba Port Augusta "hakuna cha kuona". Mji umekaa kwenye ncha ya Ghuba ya Spencer, bahari ilipoingia ndani kabisa ya nchi kavu. Sisi wa pwani tumezoea kwamba ukifuata mkono wa bahari kuelekea bara, chumvi inapungua kwa maji ya mto. Hapa inazidi! Mvua ni haba, mito haileti maji ya maana, jua linakausha, na maji ya ncha ya ghuba yana chumvi kuliko bahari kuu. Na humo umeota mchu, aina ya mkoko (Avicennia marina), mti uleule wa Lamu na Rufiji, huku magenge ya udongo mwekundu yakiwa nyuma yake. Mikoko na jangwa kwa mtazamo mmoja, halafu mtu ananiambia tujaze mafuta!

Bustani ya mimea ya nchi kavu, iliyofunguliwa 1996, iko ukingoni mwa mji na kiingilio ni bure. Wapenzi wa treni wana reli ya zamani ya Pichi Richi hadi mji mdogo wa Quorn, ila haiendi kila siku. Na ngamia wa mfanyabiashara Thomas Elder, waliotoka Karachi miaka ya 1860, walishushwa bandari hii. Misafara mingi ya ngamia iliyoingia ndani ya nchi ilianzia hapa.

Januari, majira ya joto ya huko, sitakushawishi kulala hapo. Mwaka 2019 joto lilifika nyuzi 49.5. Wala sina hakika kwamba usiku mmoja wa mgeni unaziba pengo la ajira zilizopotea kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha hapo kilipofungwa 2016. Ninachoamini ni kwamba anayelala hapo hula chakula cha jioni, hununua maji na matunda ya njiani, huuliza maswali. Anayejaza tangi hulipia tangi.

Kwa hiyo lala usiku mmoja, mbili ukiweza. Nenda kwenye magenge mekundu saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni au ubavuni. Asubuhi usiwashe gari kabla jua halijapanda. Kangaruu huwa barabarani alfajiri pia.