Kigari cha magurudumu matatu: tazama kwanza mtoto anapokaa

Mzazi anayetafuta kigari kidogo cha mtoto cha magurudumu matatu karibu kila mara huanza na swali moja: kikikunjwa, kitaingia kwenye buti la gari? Ni swali la haki, na nitalifikia. Lakini mimi ninayeshinda karakanani nikivifungua na kuvifunga vigari hivi, huanza na lingine: mtoto akishaketi, uzito wake unaangukia wapi kati ya yale magurudumu matatu? Hilo ndilo linaloamua kama kigari kitasukumika kwa mkono mmoja, kama kitapanda ukingo wa njia bila kukuchosha, na kama kitabaki wima siku gurudumu litakapoingia shimoni.

Kigari cha magurudumu manne husimama juu ya mstatili. Cha matatu husimama juu ya pembetatu: upana wote uko nyuma, na kadiri unavyosogea mbele ndivyo unavyopungua, hadi unakwisha kabisa kwenye gurudumu la mbele. Chukua kigari chenye upana wa sentimita 60 nyuma, na sentimita 70 kutoka ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu mawili ya nyuma, hadi gurudumu la mbele. Uzito wa mtoto ukiangukia sentimita 20 mbele ya ekseli, kila upande una takriban sentimita 21 kabla ya kufikia ukingo wa pembetatu. Usogeze uzito huohuo hadi katikati, sentimita 35, na kila upande utabakiwa na 15 tu. Kigari cha manne chenye upana uleule mbele na nyuma kingebaki na 30 popote pale. Na kiti kikiwa juu mambo huzidi kuwa mabaya, kwa sababu kigari kikiinama kidogo tu, uzito ulio juu huvuka ukingo mapema kuliko uzito ulio chini.

Kwa hiyo kiti cha kigari cha matatu kinatakiwa kiwe chini, na kiwe karibu na magurudumu ya nyuma. Hapo ndipo udogo unapoanza kuleta shida. Mtengenezaji anayetaka kigari kikunjike kikawa kidogo hufupisha fremu na kubana upana wa nyuma. Mwenye ujuzi hukishusha kiti na kukirudisha nyuma ili kufidia. Asiyejali hukiacha kiti palepale, juu na mbele, na dukani huwezi kugundua kwa sababu sakafu ya duka ni tambarare.

Unaweza kupima mwenyewe kwa timazi ya uzi na ufunguo. Mkalishe mtoto, mfunge mikanda, halafu chuchumaa ubavuni mwa kigari na uushike uzi usawa wa kitovu chake, ufunguo ukining'inia karibu na sakafu. Tazama ufunguo unaelekea wapi. Ukiangukia ndani ya theluthi ya nyuma, yaani ile iliyo upande wa ekseli, kigari kimepangwa vizuri. Ukiangukia katikati au zaidi, mimi nisingekinunua, hata kingekuwa kizuri namna gani kwa mengine. Kisha laza kiti mpaka mwisho na upime tena, kwa sababu mtoto akilala uzito wake hurudi nyuma. Timazi ikivuka ekseli, siku moja kigari kitainua pua na kulalia mgongo.

Mfuko unaotundikwa kwenye mpini nao huingia katika hesabu hiyohiyo, na wazazi wengi hawaufikirii. Tuseme kigari chenyewe kina kilo 7, uzito wake ukiwa sentimita 25 mbele ya ekseli, na mpini uko sentimita 40 nyuma yake. Zidisha: 7 mara 25 ni 175. Mtoto wa kilo 12 aliye sentimita 20 mbele anaongeza 240, jumla 415. Tundika mfuko wa kilo 5 kwenye mpini: 5 mara 40 ni 200. Mtoto akiwa ndani, 415 inashinda 200 na kigari kinatulia. Mnyanyue mtoto, inabaki 175 dhidi ya 200, na kigari kinaanguka chali papo hapo, mara nyingine mguu wa mtoto ukiwa bado umenasa kwenye mkanda. Ndiyo maana nasisitiza mzigo ukae kwenye kikapu cha chini. Vigari vidogo vina vikapu vidogo, najua. Mzigo uliobaki ubebe mgongoni mwako, usiutundike kwenye mpini.

Kwa nini basi mtu achague matatu? Kwa sababu ya ardhi isiyo sawa. Mafiga matatu hutulia popote utakapoyapanga. Vivyo hivyo magurudumu matatu hugusa ardhi yote kwa pamoja, wakati kigari cha manne chenye fremu ngumu huacha moja hewani na kuanza kuchezacheza. Gurudumu moja la mbele pia linaweza kufanywa kubwa kuliko mawili madogo, na hugeuka kwenye nafasi finyu kwa kuusukuma mpini kidogo tu. Kwa anayepita kwenye vijia, changarawe au lami iliyobomoka, tofauti anaisikia mikononi. Kasoro yake ni kwamba kigari hiki hupita njia tatu kwa wakati mmoja. Huwezi kulipitisha shimo katikati ya magurudumu, maana la mbele limo humohumo katikati, na ngazi zilizowekewa reli mbili za kupitishia vigari hazikufai.

Halafu kuna suala la kukimbia. Mwaka 1984 Phil Baechler, mwandishi wa habari wa Yakima katika jimbo la Washington, Marekani, alikifunga kigari magurudumu ya baiskeli ili akimbie na mwanawe, na kutokana na hilo kampuni ya Baby Jogger ikazaliwa. Tangu hapo watu wakiona magurudumu matatu hufikiri ni kigari cha kukimbilia. Kigari cha kukimbilia cha kweli kina matairi makubwa ya hewa, gurudumu la mbele linaloweza kufungwa lisigeuke, na mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono ili kisikuponyoke mteremkoni. Vingi vina breki ya mkono pia. Kigari kidogo cha kukunja mara nyingi hakina hata kimoja kati ya hivyo. Ukikimbia nacho, gurudumu la mbele huanza kutetemeka kushoto na kulia, na likikutana na jiwe hujigeuza pembeni ghafla. Tafadhali usikimbie nacho. Hata kwa kigari kinachofaa, mtoto wa chini ya miezi 6 si wa kukimbizwa, maana shingo yake bado haijaweza kuhimili mtikisiko.

Gurudumu hilo la mbele ndilo linaloletwa kwangu kuliko sehemu nyingine yoyote. Limefungwa kwenye foki, yaani uma unaolishika gurudumu, nayo huzunguka, na mahali linapogusa ardhi pako nyuma kidogo ya mhimili wa kugeukia. Umbali huo mdogo ndio unaolifanya lijinyooshe lenyewe unapokwenda mbele. Inua pua ya kigari, shika foki na uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi au bushi (bomba fupi linaloshika mhimili) imelegea, na mtetemo utakuja hata kwa mwendo wa kutembea. Izungushe duara zima: inatakiwa igeuke bila kukwaruza na bila kukwama mahali pamoja. Kisha, kama lina komeo, lifunge lisigeuke, usukume, uone kama komeo linashika kweli au linaruka.

Kama gurudumu linachomoka kwa kitufe au wenzo, livute kwa nguvu kila baada ya kulirudisha. Mwaka 2018 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani iliifungulia kampuni ya Britax shauri kuhusu karibu vigari 500,000 vya chapa ya BOB vya magurudumu matatu, ikidai kuwa gurudumu la mbele linaweza kuchomoka kigari kikiwa safarini. Kampuni ilikana kuwa kigari kina kasoro, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka huohuo. Mimi nachukua kutoka humo jambo moja la kiufundi: kigari cha matatu kikipoteza gurudumu la mbele, hakuna la pili la kukibeba. Foki huchimba ardhi na mtoto hutupwa mbele.

Matairi sitakaa nayo sana. Ya hewa hulainisha njia lakini hupata pancha na hudai pampu. Ya sponji ngumu hayana pancha lakini hupitisha kila mtikisiko. Vigari vidogo vingi vina ya sponji, na si vibaya, mradi la mbele lisiwe chini ya sentimita 15 kwa kipenyo. Dogo zaidi ya hapo hukwama kwenye nyufa za njia ambazo hata huzioni.

Sasa kukunja. Kigari chepesi cha kukunja kilianza na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire. Mwaka 1965 alisanifu kigari cha fremu ya alumini kilichojikunja kama mwavuli. Vigari vya matatu vya leo aghalabu hukunjika kwa kujilaza nusu juu ya nusu, na gurudumu la mbele hutokeza nje. Kwa hiyo usiamini vipimo vya tangazo kabla ya kuuliza kama vilichukuliwa magurudumu yakiwa yamefungwa. Pima mdomo wa buti lako mahali palipo pembamba zaidi, maana ndipo kigari kinapopita. Na ukikijaribu dukani, kikunje kwa mkono mmoja ukiwa umembeba mtoto, kama utakavyofanya mvua ikinyesha.

Mtoto akiwa chini, awe mbali na kigari mpaka usikie komeo limelia. Bawaba hukata. Novemba 2009 vigari takriban milioni 1 vya Maclaren viliitwa virekebishwe nchini Marekani baada ya kuripotiwa watoto 12 waliokatwa ncha za vidole kwenye bawaba. Tafuta bawaba zilizofunikwa, na komeo mbili zinazofanya kazi kila moja peke yake, ili ya kwanza ikiachia, ya pili ibaki.

Kwa mtoto mchanga nina msimamo mkali. Mpaka aweze kuishika shingo na kuketi vizuri, kwa kawaida karibu miezi 6, anahitaji kulala bapa. Vigari vidogo vingi huandikwa kuwa vinalala, lakini ukikitazama kiti ubavuni unakiona bado kimeinuka. Kichwa cha mchanga huinama mbele, kidevu kikagusa kifua, na njia ya hewa ikabanwa. Akisinzia kwenye kiti cha namna hiyo, mhamishie mahali bapa mapema iwezekanavyo. Kama kigari hakilali bapa na hakipokei kitanda cha kubebea mtoto, si cha mtoto mchanga, na hakuna mto wa kuongeza utakaobadilisha hilo.

Mikanda iwe ya ncha tano: mabega mawili, nyonga mbili, na ule unaopita katikati ya miguu. Huo wa katikati ndio unaomzuia mtoto asiteleze chini akalala. Ya mabega itokee usawa wa bega au juu yake kidogo. Tazama pia lebo ya uzito: kiwango cha Ulaya, EN 1888, sehemu yake ya kwanza ni ya vigari vya mtoto wa hadi kilo 15, na ya pili inafika kilo 22. Kwa mtoto anayekaribia miaka mitatu tofauti hiyo ni kubwa.

Breki ijaribu kwenye mteremko, kigari kikiwa na mzigo, sio sakafuni. Paa la kivuli liwe refu, ili usishawishike kufunika kigari kwa kitambaa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha kuwa kitambaa kikavu kilichofunika kigari huongeza joto la ndani kwa karibu nyuzi 4, ilhali chembamba kilicholoweshwa hulipunguza.

Kama unanunua kilichokwisha kutumika, kisukume kwenye sakafu tambarare kisha ukiachie. Kikivutika upande mmoja, aidha ekseli imepinda au beringi ya gurudumu moja imechoka. Vua magurudumu mawili ya nyuma na uyabadilishane pande. Mvuto ukihama upande, ubovu uko kwenye gurudumu, na hilo hubadilishwa kwa urahisi. Ukibaki palepale, uko kwenye fremu, na fremu ya alumini iliyopinda mimi huwa sikubali kuinyoosha, kwa sababu ikinyooshwa huingia nyufa. Kagua kuzunguka kila ribiti (pini inayoshikanisha vyuma) kwa tochi. Ukishakinunua, safisha mchanga kwenye ekseli na upulize silikoni kavu; usitie grisi, itaushika mchanga na kuusaga mhimili.