Mgonjwa wa nje: maana yake, na mikono anayopitia

Mgonjwa wa nje ni mtu anayefika hospitali, akaonwa, akapimwa, akatibiwa na kurudi kwake bila kulazwa. "Nje" hapa ni nje ya wodi, wala haina uhusiano na uzito wa ugonjwa. Anayekuja asubuhi kuwekewa dripu ya dawa za saratani na kuondoka jioni ni mgonjwa wa nje. Aliyetolewa mtoto wa jicho akaenda nyumbani jicho likiwa limefungwa ni wa nje pia. Hata aliyepumzishwa kitandani saa chache akiongezewa maji, kama hakuandikiwa wodi, bado anahesabiwa huko huko.

Tanzania huduma hii inaanzia zahanati, ambayo kazi yake karibu yote ni ya wagonjwa wa nje, chanjo na uzazi. Kituo cha afya kinatoa hizo hizo, ila kina wodi na maabara kubwa kidogo. Kisha zinafuata hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa na zile za juu yake kama Bugando na Muhimbili. Kila ngazi ina OPD, yaani idara ya wagonjwa wa nje, lakini mlango haufanani: zahanati unaingia moja kwa moja, ilhali kwa daktari bingwa kwa kawaida unatakiwa uwe na barua ya rufaa.

Neno linalochanganya watu ni "kliniki". OPD ya kawaida ni ya anayeugua leo na kuja leo. Kliniki ina siku yake na kadi yake, na anayehudhuria huenda hata haumwi siku hiyo. Mjamzito "anaanza kliniki". Mtoto anapelekwa kliniki kupimwa uzito na kuchanjwa. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU ana tarehe yake CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU. Mwenye kifua kikuu cha kawaida anafuatiliwa miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Mwenye kisukari au presha huyo kliniki ni ya maisha.

Kwenye kliniki za kisukari na presha kuna kosa linalojirudia mno. Mtu ameambiwa aje bila kula, naye anaacha na dawa za presha "ili kipimo kiwe cha kweli". Presha inasoma juu, daktari anaona dawa haifanyi kazi, anaongeza dozi, na wiki inayofuata mgonjwa anapata kizunguzungu kwa kuwa sasa anameza nyingi kuliko anazohitaji. Kufunga ni kwa ajili ya sukari: saa 8 bila chakula, maji matupu yanaruhusiwa. Dawa ya presha inamezwa asubuhi hiyo kama kawaida, isipokuwa umeambiwa vingine. Za kisukari ndizo unazobeba mkononi pamoja na chakula, utumie baada ya kupimwa, kwani ukizitumia tumbo tupu sukari inaweza kushuka ukiwa kwenye foleni.

Sasa mikono yenyewe. Mapokezi wanakuandikisha na kutafuta faili, na namba ikikosewa, historia yako inabaki kwenye faili la mtu mwingine. Muuguzi anafuata: joto, uzito, presha, na jicho la haraka la kujua nani asisubiri. Mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege au aliyelegea hakai foleni, awe amefika wa kwanza au wa hamsini. Mzazi akiona dalili hizo aseme hapo hapo, bila aibu. Presha nayo ina masharti yake: ukae ukiegemea dakika 5, miguu sakafuni, mkono uwe usawa wa moyo, usiongee. Kitambaa cha kupimia kikiwa kidogo kwenye mkono mnene kinapandisha namba, na kibofu kilichojaa vilevile.

Ndani ya chumba, yule tunayemwita "dokta" mara nyingi ni tabibu. Tabibu amesoma stashahada ya miaka 3, na ndiye anayebeba OPD nyingi za nchi hii. Daktari amesoma chuo kikuu miaka 5 na kufanya mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi hospitalini chini ya usimamizi. Bingwa ameongeza miaka kadhaa kwenye fani moja, kama watoto au macho. Hakuna ubaya kuonwa na tabibu. Ubaya ni tabibu kung'ang'ania kilichomzidi badala ya kuandika rufaa.

Maabara ni mahali pa subira. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji dakika 15 hadi 20 kutegemea aina, na kikisomwa mapema mstari hafifu unakuwa bado haujajitokeza. Tena kipimo hicho kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya kupona, hivyo aliyemaliza dawa juzi na kurudi na homa apimwe damu kwa hadubini.

Dirisha la dawa, kwa mfamasia au mteknolojia dawa, ndilo watu wanalikimbia kwa kuchoka, na ndipo mengi yanapoharibika. Chukua dawa mseto ya malaria, ALu, kwa mtu wa kilo 35 na zaidi: vidonge 24, vinne kila mara. Ukimeza vinne saa 4 asubuhi, vinne vinavyofuata ni saa 12 jioni, yaani baada ya saa 8, si kesho. Kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana tumbo tupu linaifyonza vibaya. Mtoa dawa mzuri hakuulizi "umeelewa?" Anakwambia, "Haya nieleze, jioni utameza vingapi?"

Ugonjwa ukizidi uwezo wa kituo, mgonjwa anaondoka na barua ya rufaa. Barua inayofaa ina hali aliyofika nayo, vipimo na majibu, na dawa alizopewa: jina, kiasi na saa. Saa ndiyo inayosahaulika. Mtoto wa degedege aliyechomwa diazepam, dawa ya kulituliza, zahanati, kama barua haisemi alichomwa lini, anaweza kuongezwa nyingine huko mbele mapema mno, na dawa hiyo ikizidi inadhoofisha upumuaji. Kabla ya kupanda gari, mzazi amwombe muuguzi aandike saa.